Hesabu Tuzicheze Nyumbani

Haya ni mazungumzo ya mweka hazina wa kikundi kimoja cha akina mama, mbele ya mkutano wa vikundi vya kujisaidia.

Nimeombwa niseme juu ya hesabu. Naona wengine wameanza kuangalia mlango. Tulieni, sikuja na kiboko wala chaki.

Mimi shuleni niliogopa hesabu. Nilipokuwa mama, mtoto akileta kitabu nilimwambia, "Hizo mimi ziliniruka, ngoja baba yako." Baba naye anasema ngoja mwalimu. Hivyo nikamrithisha uoga wangu bila kujua.

Mwaka mmoja nilikopa shilingi 5,000 kwa mtu fulani, nilipe karo. Akaniambia riba ni "kumi tu kwa mia" kila mwezi, na mkopo wenyewe nirudishe nikiwa tayari. Nilisikia kumi, nikaona ni kidogo. Kila mwezi nikapeleka 500. Jioni moja nilikuwa nachambua maharagwe na binti yangu, wakati huo yuko darasa la tano. Akauliza, "Mama, hizo pesa zitaisha lini?" Basi tukacheza. Punje moja iwe shilingi 100. Akaweka punje 50 upande mmoja, huo ndio mkopo. Upande wa pili akaweka tano, tena tano, kwa kila mwezi. Ilipofika mwezi wa kumi marundo yakawa sawa. Mwezi wa kumi na mbili rundo la riba lina punje 60, na lile la mkopo halijapungua hata moja! Mimi kimya. Wiki iliyofuata niliuza mbuzi, nikarudisha ile 5,000 yote.

Tangu siku hiyo kwetu hesabu zinachezwa. Siku ya chapati, wapeni watoto wanne chapati tatu, muwaambie wagawane sawasawa bila kugombana. Wangu waligombana kwanza, bila shaka. Mmoja alikata kila chapati vipande vinne, akapata 12, kila mtu vitatu. Mdogo wake akasema hapana, mbili zikatwe katikati, ile ya tatu ndiyo ikatwe vinne, kila mtu apate nusu na robo. Wakabishana mpaka chapati zikapoa. Na wote wawili walikuwa sahihi, ni robo tatu.

Wazee, nyinyi mnajua mchezo wa mashimo na mbegu. Wajaluo huuita ajua, Wakikuyu giuthi, na huko pwani kuna bao lenye mashimo 32 na kete 64. Anayecheza lazima ahesabu kabla ya kuokota mbegu: nikianzia hapa, ya mwisho itaangukia wapi? Akikosea haitwi mjinga, anacheza tena. Chimbeni mashimo hapo uani, mbegu si haba. Hiyo ni kazi yenu, msikae tu na redio.

Tena kuna siku yenyewe. Mwaka 2019 UNESCO ilitangaza tarehe 14 Machi kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisabati, ikaanza kusherehekewa 2020. Kwa nini tarehe hiyo? Wamarekani huandika mwezi kwanza, 3/14, na 3.14 ndio mwanzo wa ile nambari ya duara inayoitwa pai. Wengi wetu tulikariri 22/7 bila kuiona. Sasa chukueni sufuria na kamba. Zungusheni kamba mdomoni mwa sufuria, mkate pale inapokutana. Kisha ipitisheni katikati, ukingo mpaka ukingo, mwone itaingia mara ngapi. Ni mara tatu, na kipande kidogo kinabaki, karibu sehemu moja ya saba ya upana huo. Sufuria ya sentimita 28 itawapa kamba ya 88 hivi. Jaribuni sinia, ndoo, pipa, jibu ni lile lile. Mtoto mmoja kwetu alipima pipa mara tatu akidhani namdanganya.

Mtoto akikosea, usimpige wala usimpe jibu haraka. Mwulize, "Umefikaje hapo?" Mara nyingi atajirekebisha akiwa bado anaeleza. Na kama wewe hujui, sema tu, "Tuhesabu pamoja." Hata aliyeacha shule darasa la pili anajua kupima kwa gorogoro na anajua chenji yake. Dakika kumi zinatosha. Mkizidisha itakuwa shule tena, na watoto watakimbia.

Machi ijayo kikundi chetu kitakutana na sufuria zetu. Kila nyumba ilete ya ukubwa tofauti, pamoja na kamba ya katani.

Haya, naona chai imefika. Mandazi ni 50, na watu nimehesabu 40. Watoto, njooni hapa mbele mtuambie kila mtu atapata kiasi gani, kabla mwenyekiti hajachukua la pili.