Goti la Chuma Lina Masharti Yake

Mazungumzo na wanakisomo wa Miyuji, Dodoma



Juzi darasani mama mmoja alishindwa kuketi. Alisimama kipindi kizima, ameshika fimbo. Tulipomwuliza, alisema nyonga inamwuma mwaka wa tatu sasa. Hospitali wamemwambia kiungo kimekwisha, kibadilishwe. Nyumbani wamegawanyika. Mwanawe anasema, "Mama, nenda." Shemeji yake anasema, "Ukiwekewa chuma hutainuka tena." Akatuuliza sisi walimu: nani anasema kweli?

Sisi si madaktari. Lakini tumeuliza na tumesoma. Jibu ni hili: kila mmoja amesema nusu.

Kiungo huishaje? Ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, ile nyama nyeupe, laini, mnayoiona kwenye mfupa wa mbuzi. Gegedu likilika, mfupa husaga mfupa, kama mawe ya kusagia yasiyo na nafaka katikati. Huletwa na umri, uzito mkubwa, kuumia zamani, au baridi yabisi. Ugonjwa wa selimundu huweza kuharibu nyonga hata ya kijana. Wengine husema tule mlenda turudishe ute. Mlenda ni mboga yetu, tuleni. Lakini ute wake huishia tumboni, haufiki gotini.

Daktari huondoa sehemu iliyoharibika, akaweka ya chuma na plastiki ngumu. Mwingereza John Charnley ndiye aliyeisimamisha kazi hii kwa nyonga. Plastiki yake ya kwanza ililika upesi, wagonjwa wakapasuliwa tena. Hakukata tamaa. Mwaka 1962 akaanza kutumia nyingine iliyo imara zaidi. Leo upasuaji huu hufanywa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, na hata hapa kwetu Dodoma, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa.

Basi, faida yake ni nini? Kwa wagonjwa wengi maumivu makali hupungua sana, wakalala usiku na kutembea. Hesabu za mwaka 2019, kutoka nchi zinazoandika kila mgonjwa daftarini, zilionyesha kuwa baada ya miaka 25, nyonga 58 katika 100 zilikuwa bado zinafanya kazi. Magoti yalikuwa 82 katika 100. Lakini tusidanganyane: katika watu 5 waliobadilishiwa goti, kama 1 hivi haridhiki.

Sasa tuyataje matatizo.

Kwanza, vijidudu. Huwapata kama 1 au 2 katika 100, pengine hata baada ya miaka. Chuma hakina damu, kwa hiyo vijidudu vikijishika pale, dawa huviondoa kwa shida. Ukiona homa, uvimbe unaozidi, au kidonda kinatoa maji au usaha, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Usipake majani.

Pili, damu kuganda mguuni. Ikisafiri hadi mapafuni huweza kuua. Mguu ukivimba na kuuma, au kifua kikibana ghafla, usingoje kesho.

Tatu, nyonga kuchomoka, hasa miezi ya mwanzo. Daktari huweza kukukataza kuchuchumaa na kukalia kigoda kifupi. Je, vyoo vyetu si vya kuchuchumaa? Basi, kiti cha choo kitengenezwe kabla mgonjwa hajaenda hospitali, si baada ya kurudi. Kiti imara cha mbao, kikatobolewa katikati, kinatosha.

Nne, kiungo kulegea au kulika baada ya miaka. Kukibadilisha mara ya pili ni kazi ngumu kuliko ya kwanza.

Na yule shemeji? Woga wake unaweza kujifanya kweli. Mgonjwa husimamishwa mapema, mara nyingi siku hiyo au kesho yake. Akifika nyumbani, jamaa kwa huruma humwambia, "Lala, mama, usijisumbue." Asipofanya mazoezi, goti hukakamaa na mguu hukosa nguvu. Kisha watu husema, "Mnaona? Chuma kimemlaza." Kumbe amelazwa na huruma yetu! Tumsaidie kuchota maji na kulima, lakini kutembea atembee mwenyewe, kama alivyofundishwa.

Uamuzi ni wa mama yetu. Sisi tulimpa kalamu tu, tukamwambia aandike maswali ya kumpelekea daktari. Aliandika manne kwa mkono wake: Gharama ni kiasi gani, na bima italipa ngapi? Hatari yangu mimi ni ipi? Nitakatazwa kazi gani shambani? Karatasi yenye aina ya kiungo nitapewa, niitunze?

Halafu akamwita mwanawe, akamwagiza mbao za kiti.