PICHA NI SHAHIDI



Nimeombwa niseme juu ya picha. Huenda mtu akauliza, picha na siasa zinahusiana wapi? Nitajibu kwa habari za Afrika Kusini.

Mwaka 1952 serikali ya makaburu ilitunga sheria ya kuwachukuza Waafrika kitabu cha pasi, wanaume kwanza, baadaye na wanawake. Kilikuwa ndugu wa kile kipande kilichovaliwa shingoni Kenya, ila hiki kilibandikwa picha ya mwenyewe. Askari akiitazama picha, akitazama uso; asiye na pasi, jela. Hapo kamera ilikuwa pingu.

Lakini kamera hiyo hiyo ilishikwa na mikono mingine. Tarehe 21 Machi 1960, pale Sharpeville, watu walikusanyika kuzipinga pasi. Polisi wakapiga risasi. Kwa hesabu ya serikali walikufa watu 69. Polisi walidai kwamba wao ndio waliokuwa hatarini. Picha za Ian Berry wa gazeti la Drum zilionyesha watu wakikimbia, bunduki ziko nyuma yao. Je, anayekimbia humshambulia nani?

Ernest Cole, kijana wa Kiafrika, aliwapiga picha wafanyakazi wa migodi wamepangwa uchi, mikono juu, wakipimwa kama ng'ombe mnadani. Alitoka nchini mwaka 1966, na mwaka 1967 kitabu chake, House of Bondage, kikachapishwa New York. Kwao kikapigwa marufuku, naye akafia ugenini mwaka 1990. Peter Magubane alificha kamera ndani ya mkate. Baadaye alifungwa peke yake siku 586. Tarehe 16 Juni 1976, huko Soweto, Sam Nzima alipiga picha ya Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12, akibebwa baada ya kupigwa risasi. Filamu aliificha ndani ya soksi, na picha ile ikaenea duniani.

Ndugu zangu, wakati wa wasiwasi uvumi huwa mwingi, na mwenye nguvu hutaka yeye peke yake ndiye asimulie. Hapo picha hufaa. Lakini picha isiyo na siku wala mahali ni shahidi bubu. Yeyote aweza kuisemea atakavyo. Siku hizi kamera zimo ndani ya simu zetu, na picha za uongo hutengenezwa kwa dakika moja. Kwa hiyo nawaomba mambo matatu: andikeni siku na mahali, msiongeze wala msipunguze kitu, na aliyepatwa na msiba mwombeni ruhusa, kwani heshima yake ndiyo tunayoipigania.

Sheria za pasi zilifutwa mwaka 1986, na utawala wa makaburu ukaisha mwaka 1994. Tangu mwaka 2002 Soweto ina makumbusho yenye jina la Hector Pieterson. Waliotaka asionekane hawakufaulu.