Kompyuta Moja, Mifumo Miwili

Maelezo ya afisa wa habari wa kaunti kwa wenye saiba na vijana wa kompyuta, mjini Garissa



Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani hazikubali Windows 11, na baadhi yenu mmehamia Linux, hasa Ubuntu na Mint. Ni ya bure, na mashine kuukuu huendelea na kazi. Swali ni hili: nikihitaji Windows kwa kazi moja, nifanyeje bila kupoteza Linux yangu?

Kwanza jiulize kama kweli unaihitaji. eCitizen hufunguka vizuri kwenye Firefox. Barua na fomu za Word hufunguliwa na LibreOffice. Anayebaki na shida ni mwenye programu ya hesabu za duka, au skana, iliyotengenezewa Windows pekee.

Kama ni wewe, njia ni mbili.

Ya kwanza ni kutumia programu kama VirtualBox. Windows hukaa ndani ya dirisha, juu ya Linux. Ikiharibika, unaifuta na Linux haiguswi. Lakini mifumo yote miwili hula memori kwa wakati mmoja. Mashine ya GB 4 itakwama kwama. GB 8 ni afadhali. Kwa kazi ya mara moja kwa wiki, anza na njia hii.

Ya pili ni kugawa diski, kisha unachagua mfumo unapowasha. Hapa mfumo mmoja hupata nguvu zote za mashine, lakini hatari ni kubwa zaidi. Sehemu ya Linux hupunguzwa kwa GParted baada ya kuwasha kompyuta kwa fleshi ya Ubuntu. Stima ikipotea katikati ya kazi hiyo, faili zinaweza kuharibika. Kaunti yetu ina kituo cha umeme wa jua cha megawati 50 tangu 2019, lakini sote tunajua stima hukatika. Basi nakili kila kitu kwenye diski ya nje kwanza, na utumie laptopu yenye betri iliyojaa, au UPS.

Ukimaliza kuweka Windows, huenda kompyuta ikaingia huko moja kwa moja. Usishtuke, Linux bado ipo. Ingia kwenye mipangilio ya mashine, uitangulize Ubuntu.

Saa nayo itapishana kwa saa 3. Linux huiweka saa ya mashine kwa majira ya dunia, Windows kwa majira ya hapa kwetu. Ndani ya Linux andika: timedatectl set-local-rtc 1. Na kwenye Windows zima Fast Startup, ili Linux iweze kuandika kwenye faili zake kwa usalama.

Mshika mbili moja humponyoka, na kwa kompyuta anayeponyokwa ni asiyehifadhi nakala. Wenye saiba, mmeshika nakala za vitambulisho na fomu za basari za watoto wa watu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawataka mzitunze. Windows ya magendo huweza kuja na virusi vya kuziiba. Nunueni leseni halali, au mbaki na Linux peke yake.