Jina la Mdokezi Halisomwi Kortini

Mazungumzo kwa wakazi wa Nyeri kuhusu sheria inayowalinda wanaowapa polisi habari



Mabaraza mengi ya usalama huisha kwa namna moja. Chifu huomba habari kuhusu wapika pombe haramu, wezi wa kahawa viwandani au vijana wanaouza bangi karibu na shule. Watu hutazama chini. Baraza likishavunjika, mzee mmoja hubaki nyuma na kumnong'onezea afisa: "Nikisema, nani atajua ni mimi niliyesema?" Mazungumzo haya yanalijibu swali hilo. Jibu limo katika sheria, ila halijulikani vizuri, hata na baadhi ya wale wanaopaswa kulitekeleza.

Hapa Nyeri woga huo una mizizi mirefu. Waliokuwa watoto wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, bado wanalikumbuka neno gakunia. Alikuwa mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho, akiwekwa kando ya maafisa wa mkoloni huku wanakijiji wakipitishwa mbele yake mmoja baada ya mwingine. Akitikisa kichwa, aliyesimama mbele yake alipelekwa kizuizini. Gakunia hakuulizwa aliona nini, lini wala wapi. Familia nyingi hazikujua kamwe nani alikuwa ndani ya gunia, na zilizoshuku zilirithisha shuku hiyo kwa watoto. Ndiyo sababu hadi leo, katika vijiji vingi vya Tetu, Othaya na Mathira, kumwita mtu mdokezi wa polisi ni tusi zito.

Sheria ya leo pia inamficha mdokezi. Tofauti kubwa ni kwamba hairuhusu kutikisa kichwa kwake kumfunge mtu. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja, na anayeelewa moja bila la pili hujiingiza hatarini.

Msingi wake ni kifungu cha 133 cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80 ya Sheria za Kenya. Kinasema kwamba jaji, hakimu au afisa wa polisi hawezi kulazimishwa kueleza alikopata habari kuhusu kutendeka kwa kosa. Sheria hiyo ni ya mwaka 1963, na maneno ya kifungu hicho yanafuata yale ya Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872.

Ili kuona kinavyofanya kazi, chukua mfano wa mama anayeuza mboga katika soko la Karatina. Kila usiku wa manane anasikia pikipiki ikiingia kwa jirani na kutoka na mitungi ya lita 20. Ana watoto wawili, na jirani anajua njia wanayopita kwenda shuleni. Anapiga simu kwa laini ya bure ya Idara ya Upelelezi wa Jinai, 0800 722 203, anaeleza anachosikia na saa anazosikia. Hataji jina lake. Kazi yake imekwisha.

Kuanzia hapo kazi ni ya polisi. Wanavizia wenyewe, wanaikamata pikipiki ikiwa na mitungi, wanachukua sampuli na kuipeleka kwa Mkemia wa Serikali. Kesi inapofika mahakamani, ushahidi ni afisa aliyeikamata mitungi kwa mikono yake, mitungi yenyewe na ripoti ya mkemia. Wakili wa utetezi atasimama na kuuliza, "Afisa, nani alikuambia uende pale?" Afisa ana haki ya kujibu kwamba alipata habari, na kukomea hapo. Kesi haimhitaji mama wa mboga, kwa kuwa hakuna lolote alilosema ambalo mahakama inatakiwa kuliamini.

Sasa chukulia afisa ni mvivu. Hakuvizia, hakukamata mtungi hata mmoja, bali anafika kizimbani na kusema, "Mtu wa kuaminika aliniambia mshtakiwa ndiye hupika." Hapo kesi inaanguka, na inastahili kuanguka. Jambo hili liliamuliwa hapa Kenya zamani, katika kesi ya Kigecha Njuga dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1965, ambayo mawakili huitaja hadi leo. Mahakama ilikubali kwamba wadokezi wana manufaa katika kuzuia uhalifu, na kwamba wakijulikana maisha yao yanaweza kuwa hatarini. Lakini ilisema wazi kwamba upande wa mashtaka ukitaka mahakama isikie undani wa alichosema mdokezi, basi mdokezi huyo aitwe aje atoe ushahidi. Serikali haiwezi kulitumia neno lake na wakati huo huo kumficha ndani ya gunia.

Mahali ambapo wengi hujikwaa ni kwenye kaunta ya kituo cha polisi. Mwananchi anayefika na kusema, "Nimekuja kuripoti," huandikwa katika kitabu cha matukio, yaani OB, kwa jina. Akiombwa kuandikisha taarifa na akaitia sahihi, yeye si mdokezi tena. Amekuwa shahidi. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya kuujua mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka utautegemea, na haki ya kuupinga. Taarifa hiyo itamfikia wakili wake, ikiwa na jina juu. Hakuna aliyevunja sheria hapo. Haki hiyo hiyo ndiyo itakayomwokoa mwana wa mama wa mboga siku atakaposingiziwa.

Kwa hiyo mwananchi aamue kabla ya kufika kaunta. Kama anataka kudokeza tu, apige simu au aombe kumwona mkuu wa kituo au afisa wa upelelezi faraghani, aseme mapema kwamba hatatoa taarifa ya maandishi, na ajiepushe na kusimulia habari ambayo ni yeye peke yake angeweza kuijua. Mtu akisema maneno yaliyosemwa jikoni mbele ya watu watatu, haisaidii kitu jina lake likifichwa. Vivyo hivyo kwa Nyumba Kumi: mpango huo una faida zake, lakini mwenyekiti wa Nyumba Kumi ni jirani, ana shemeji na ana marafiki. Habari nyeti isipitie midomo mingi.

Aliyekuwa shahidi, kwa hiari au kwa sababu yeye peke yake aliona mauaji yakitendeka, ana ulinzi wa aina nyingine. Sheria ya Kulinda Mashahidi ya 2006, iliyofanyiwa marekebisho 2010, iliunda Shirika la Kulinda Mashahidi, ambalo ni huru na haliko chini ya polisi. Shirika linaweza kumpa shahidi walinzi, kumhamisha makao, hata kumbadilishia utambulisho. Mahakamani anaweza kutumia jina la bandia, kutoa ushahidi kwa njia ya video au sura yake kufichwa, na Katiba yenyewe inaruhusu umma na waandishi wa habari kuondolewa chumbani ili shahidi alindwe. Jamaa zake pia wanaweza kuingizwa katika mpango huo. Lakini si kila shahidi hukubaliwa. Shirika hupima ukubwa wa tishio na uzito wa ushahidi, kisha mlindwa hutia sahihi makubaliano yenye masharti. Kwa mkulima wa Mukurwe-ini mwenye chai yake na ng'ombe wawili, kuhamishwa makao ni kuacha karibu kila kitu. Ni vyema ajue hivyo tangu mwanzo.

Mdokezi asiyeandikisha taarifa, kwa kawaida, hayumo katika mpango huo. Ulinzi wake mkubwa ni mdomo wa afisa aliyempokea. Na hapa lazima ukweli usemwe: sheria inasema afisa halazimishwi kusema, lakini hofu ya wananchi wa Mlima Kenya si kwamba afisa atalazimishwa na hakimu. Hofu yao ni kwamba atasema kwa hiari yake, jioni, kwa bei.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Februari 2024, katika kijiji cha Kangai, kaunti jirani ya Kirinyaga, zaidi ya watu 10 walifariki baada ya kunywa pombe yenye sumu, na wengine wakapoteza uwezo wa kuona. Ilitangazwa kwamba pombe hiyo ilikuwa kielelezo cha kesi, kilichokuwa kimehifadhiwa katika kituo cha polisi kikatoka na kurudi sokoni. Mwananchi aliyesikia habari hiyo ana haki ya kujiuliza: kama mtungi uliofungiwa stooni umetoka, jina lake litakaaje?

Anayeamini kwamba afisa amemtoa ana pa kwenda. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, hupokea malalamishi dhidi ya polisi, na ndani ya Huduma ya Polisi kipo Kitengo cha Masuala ya Ndani kilichoundwa na sheria ya 2011. Malalamishi yawe na tarehe, kituo na maneno yaliyosemwa. Kama kuna tishio la sasa hivi kwa maisha, kwanza ni 999 au 112.

Siri ya mdokezi ina mpaka wake pia. Katika kesi ya Marks dhidi ya Beyfus, Uingereza, mwaka 1890, majaji walisema kwamba ikiwa jina la mdokezi linahitajika ili kuonyesha kuwa mshtakiwa hana hatia, siri hiyo hulegezwa. Mfano ni pale ambapo mdokezi mwenyewe ndiye aliyeweka bangi chini ya kitanda. Mara nyingine upande wa mashtaka huona heri kuiondoa kesi kuliko kulitoa jina. Mshukiwa anapoachiliwa namna hiyo kijiji husema hakimu amehongwa, ilhali pengine ni mdokezi aliyelindwa.

Katika ufisadi sheria imesema zaidi. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003 kinakataza shahidi kutakiwa kumtaja aliyetoa habari, na kinaitaka mahakama ihakikishe kila kinachomtambulisha kimefutwa au kufichwa katika hati. Ilikuja ikiwa imechelewa kwa David Munyakei, karani wa Benki Kuu aliyefichua sakata ya Goldenberg, akafutwa kazi 1993 na kufariki 2006 bila kurudishiwa kazi yake. Sheria ya Hongo ya 2016 iliongeza adhabu: anayemfukuza kazi, kumshusha cheo au kumtisha aliyefichua hongo anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni moja, kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mfanyakazi wa kaunti anayeombwa hongo, au anayemwona mkubwa wake akiichukua, yumo ndani ya ulinzi huo. Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi ina ofisi mjini Nyeri, nayo hupokea habari bila jina.

Ulinzi huu wote haumfuniki anayedanganya. Kumpa afisa wa umma habari ambayo mtoaji anajua ni ya uongo ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na mzozo wa shamba hautatuliwi kwa kumwita jirani mpika chang'aa.

Mwisho, jambo ambalo limewachanganya wengi. Polisi ni wa serikali ya kitaifa, lakini leseni za kuuza vileo hutolewa na kaunti. Mkazi asiyetaka baa ifunguliwe karibu na shule huwasilisha pingamizi kwa maandishi kwa kamati ya leseni, na mwombaji wa leseni hupewa nafasi ya kulijibu. Hilo ni shauri la wazi, wala jina la mpingaji si siri. Mwenye habari kuhusu pombe inayopikwa usiku asiichanganye na pingamizi lake. Hiyo aipeleke kwa simu, peke yake.