Usizibe kwa Kidole: Usalama wa Mashine za Presha

Mazungumzo haya yalitolewa na muuguzi wa kitengo cha dharura katika kikao cha waosha magari, wapaka rangi na mafundi wa gereji wa kaunti yetu. Tumeyafupisha kidogo ili yaenee katika ukurasa huu.

Nashukuru kwamba mmezima mashine ili tusikizane. Najua kila dakika mashine ikizimwa ni pesa inayopotea, kwa hivyo sitazunguka.

Nianze na jambo ambalo si rahisi kwangu kulisema. Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijahamia hospitali ninayofanyia kazi sasa, nilikuwa kwenye kliniki ndogo. Jioni moja aliingia kijana mpaka rangi, akitembea mwenyewe, akitaniana na wenzake. Alikuwa ameinua kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Kwenye ncha palikuwa na kitundu kama cha kuchomwa na sindano ya kushonea, na alama ndogo ya rangi nyeupe. Akaniambia, “Sista, mashine imenigonga kidogo tu.” Nilipomuuliza kama anaumwa, alisema kidole kina ganzi, basi. Nikakisafisha, nikamdunga sindano ya pepopunda, nikampa dawa za maumivu na kumwambia arudi baada ya siku mbili.

Alirudi asubuhi iliyofuata akiwa ameshikwa mkono na mamake. Kidole kilikuwa kimevimba, kigumu, cha rangi ya kijivu, na uvimbe ulikuwa umefika kiganjani. Tulimkimbiza hospitali kubwa. Madaktari walipopasua walikuta rangi imesafiri ndani kutoka ncha ya kidole mpaka kwenye kiganja. Kidole kilikatwa. Yule kijana hakunilaumu. Mamake ndiye aliyeniuliza, “Lakini sista, si jana ulikiona?”

Nilikiona. Sikujua nilichokuwa nakitazama. Kliniki nyingi bado hazijui, na ndiyo sababu nimeomba nafasi hii: nyinyi wenyewe mjue, ili siku hiyo ikifika muweze kumwambia muuguzi kama mimi nilivyokuwa.

Tuzungumzie nguvu iliyomo kwenye hizi mashine. Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa kama 30 hadi 35 kwenye geji, zile namba zilizoandikwa PSI. Ngozi ya binadamu inaweza kutobolewa na presha ya kama 100 hivi. Sasa angalieni mashine zenu. Mashine ya kuosha magari hufanya kazi kati ya 1,500 na 3,000. Ile mashine ya rangi inayosukuma rangi yenyewe bila hewa inafika 3,000 na baadhi hupita hapo. Pampu ya grisi, hata ile ya kusukumwa kwa mkono, inaweza kupita 5,000. Na mfumo wa dizeli wa magari ya kisasa unapita 20,000. Kwa hivyo mtu akiniambia “imenigonga kidogo tu,” mimi husikia kwamba ametobolewa na kitu chenye nguvu mara kumi au mara mia ya ile inayohitajika kupasua ngozi.

Wala huhitaji kugusa nozeli. Ule mkondo unaweza kukupata ukiwa umbali wa sentimita kadhaa.

Mara nyingi kinachoumia ni mkono wa kushoto, kidole cha shahada. Sababu mnaijua kuliko mimi: wa kulia umeshika bunduki ya mashine. Nozeli imeziba, rangi inatoka kwa michirizi, umeahidi mwenye nyumba kwamba chumba kitaisha leo. Unapitisha kidole kupangusa. Au ni fundi anayetafuta mahali mpira wa tipa unapovuja mafuta, anaupapasa kwa mkono huku injini inanguruma. Au fundi wa dizeli anapima injekta na kuweka kiganja chake mbele ya mnyunyizo aone kama unatoka vizuri. Au kijana wa kuosha magari anayejaribu mashine kwa kuielekeza kwenye kidole cha mguu. (Mnacheka, lakini naona wawili pale nyuma hawacheki.)

Ndani ya kidole kuna kano zinazopita kwenye ala, mfano wa waya ndani ya bomba. Rangi au grisi ikishaingia hufuata njia hiyo mpaka kiganjani, na wakati mwingine mpaka kwenye kigasha. Kidole hakina nafasi ya ziada. Kikijaa, mishipa ya damu hubanwa na nyama hukosa damu. Kama kilichoingia ni rangi ya mafuta, thina, tapentaini au dizeli, kemikali hiyo huanza kuyeyusha mafuta ya mwili na kuua nyama kutoka ndani. Haya yote yanaendelea huku nje kuna kitundu tu, bila damu ya maana. Maumivu makali huja saa kadhaa baadaye, usiku, ukiwa umeshafika nyumbani. Kati ya watu wanaoumia mkono kwa njia hii, karibu mmoja katika kila watatu hukatwa sehemu ya kidole au zaidi. Walioingiwa na thina na jamii yake wako katika hatari kubwa zaidi, hasa wakichelewa kupita saa 6 kabla ya kufunguliwa kidole na kuoshwa ndani na daktari mpasuaji.

Kwa hivyo ukitobolewa, hata kama huumwi, kazi imeisha siku hiyo. Usikikamue kidole. Usikiloweke kwenye maji ya moto, wala usikifunge kwa barafu. Usikioshe kwa thina ili kutoa rangi, nimeona hilo pia. Vua pete, inua mkono, usile wala kunywa kwa sababu huenda ukahitaji kupasuliwa, na uende moja kwa moja hospitali yenye chumba cha upasuaji. Kama dispensari ndiyo iliyo karibu, nenda, lakini uombe rufaa hapo hapo. Beba mkebe wa rangi au chukua picha ya lebo yake kwa simu, maana daktari atataka kujua ni rangi ya maji au ya mafuta. Ukifika mapokezi usiseme “nimekatwa kidole.” Sema hivi: “Nimetobolewa na mashine ya presha ya juu, rangi imeingia ndani, ilikuwa saa fulani.” Nawaomba mwambie pia wasidunge ganzi kwenye kidole chenyewe, kwa kuwa maji ya ile sindano yanaongeza ubano mahali ambapo tayari pamejaa. Muuguzi anaweza kukukasirikia kwamba unamfundisha kazi. Akukasirikie.

Wale wa maji msijione mko salama. Maji si mabaya kama thina, lakini maji ya kuoshea magari yana sabuni, matope na uchafu wa barabarani, na huo wote unaingia ndani ya mguu. Kitundu ni kile kile, hospitali ni ile ile.

Sasa kuzuia. Mazoea yanayookoa vidole ni kutoa presha kabla ya kugusa chochote. Kuzima swichi hakutoshi. Mashine ikizimwa, presha inabaki ndani ya mpira ikisubiri. Zima, chomoa plagi, fungua vali ya kurudisha rangi kwenye ndoo, kisha elekeza bunduki ndani ya ndoo ubonyeze kifyatulio mpaka kusitoke kitu. Funga kufuli ya kifyatulio. Hapo ndipo unaweza kushughulikia nozeli. Kwa mashine ya maji ni hivyo hivyo: zima, funga mfereji, bonyeza bunduki mpaka mkondo ufe. Nozeli nyingi za rangi zinageuzika. Zigeuze na upulizie uchafu kwenye ndoo. Ikikataa, toa presha upya ndipo uifungue. Inachukua dakika mbili. Nimewahi kumpima fundi mmoja kwa saa yangu.

Mafundi wa tipa na matrekta, ukitafuta mahali panapovuja tumia kipande cha kadibodi au ubao. Mafuta yataacha alama hapo. Mpira uliochubuka mpaka waya wa ndani ukaonekana haufungwi kwa raba ya tyubu wala haukazwi kwa waya, unabadilishwa. Na glavu? Vaeni, zinasaidia kwa kemikali na kwa makwaruzo, ila msizitegemee kwa presha. Mkondo unapita kwenye glavu na kwenye gambuti kana kwamba havipo. Miwani ya kinga ndiyo ambayo sitaki kusikia sababu yoyote ya kuikosa.

Kuhusu kompresa ya upepo nitasema moja. Ule mchezo wa kumpulizia mwenzako kwenye nguo, hasa nyuma, umepasua matumbo ya watu na kuwaua. Hata kujipangusa vumbi kwa upepo acheni.

Umeme nao. Mashine ya maji iko kwenye sakafu yenye maji, na kijana yuko kwenye maji. Nimeona ekstensheni imefungwa kwa karatasi ya nailoni ikielea kidimbwini. Maungio yainuliwe juu, plagi iwe na waya wa ardhi, na kwenye soketi iwekwe ile swichi inayokata umeme yenyewe unapovuja. Wanaotumia injini ya petroli, isiwashwe ndani ya chumba au kontena: moshi wake una hewa ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, na mtu hulala asiamke. Wapaka rangi ya mafuta, fungueni madirisha, na asiwepo mwenye sigara au jiko karibu, hata kama mama wa chai ni rafiki yenu.

Mwajiri, sehemu hii ni yako. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inakutaka uwape wafanyakazi vifaa vya kinga na uwafundishe kazi kabla ya kuwakabidhi mashine. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, nayo ya 2007, inakutaka uwe na bima ya wafanyakazi na uripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7 baada ya kupata habari, au saa 24 kama mtu amefariki. Na wewe mfanyakazi, mjulishe mwajiri mapema, ikiwezekana kwa maandishi, na hata ujumbe wa simu uuhifadhi. Dai la fidia lina muda wa miezi 12. Vijana wengi hawadai kwa sababu wanalipwa kwa siku na wanadhani hawahesabiwi kuwa waajiriwa. Ulizeni kwanza kabla ya kukata tamaa.

Kuna aliyeniuliza nilipofika kama yule kijana bado anapaka rangi. Ndiyo, anapaka. Ana mashine yake mwenyewe sasa na vijana wawili chini yake, na amekubali kuja leo. Ndiye yule amesimama kando ya ndoo. Atatuonyesha jinsi ya kutoa presha hatua kwa hatua, kisha kila mmoja wenu atafanya mbele yake. Sogeeni, lakini mkae nyuma ya bunduki, si mbele.