Matairi ya Lori la Urambo

(Hotuba iliyotolewa Tabora katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Katibu wetu alitaka niwaeleze habari za njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi hapa Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji. Habari hizo mmekwisha kuzisoma, na mwalimu wa historia ananitazama kwa jicho kali. Mimi nitasema juu ya matairi.

Wanyamwezi waliobeba pembe katika njia ile hawakuhitaji mpira. Gari linauhitaji. Katika Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani wa huku walizibiwa bahari na manowari za Waingereza, wakajitengenezea matairi kwa mpira wa mashamba ya kaskazini. Ni wakati huohuo, mwaka 1916, karakana ya reli hapa Tabora ilipiga sarafu, hata za dhahabu, mpaka Wabelgiji walipouteka mji mwezi Septemba. Katika vita ya pili Wajapani waliteka Malaya na Singapore mwanzoni mwa 1942, mpira ukaadimika duniani, na miti ya zamani ya upande wa Tanga ikagemwa tena. Kwa hiyo mateso yangu si mapya.

Lori langu ni Chevrolet ndogo ya jeshi iliyoundwa Canada, nchi iliyotoa zaidi ya magari 800,000 ya kijeshi katika vita ile. Nililikuta Urambo, mchwa wamekwisha kula bodi. Mpango wa karanga ulioanza 1947 ulileta Kongwa, Urambo na Nachingwea mitambo mingi iliyobaki vitani. Ulipovunjwa 1951, vyuma vikabaki. Wazee wa pale waliniambia lori lilikuja na karanga. Sina hati yoyote, lakini nawaamini.

Injini ilinichukua miezi minane. Matairi yalinichukua miaka minne.

Saizi yake ni 9.00-16: unene inchi tisa, rimu inchi kumi na sita. Kwanza nilifunga 7.50-16 za Land Rover, ambazo utazikuta mji wowote. Ziliingia vizuri, lakini lori likawa fupi kama mtu aliyevaa viatu vya mtoto. Kisha mfanyabiashara mmoja akaniuzia 9.00-16 hasa. Namba zilikuwa sawa, ila yalikuwa matairi ya mbele ya trekta, yasiyofaa mwendo wa barabarani. Vijana, someni maandishi yote ya ubavuni, msisome saizi peke yake. Tazameni pia tarakimu nne za mwisho: 3511 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2011. Tairi lililokaa stoo miaka kumi na tano linaweza kuwa na meno mazima huku mpira umekufa.

Kilichoniokoa ni Dodge za jeshi la Marekani, ambazo nazo zilitumia 9.00-16. Wapenzi wake ni wengi ng'ambo, kwa hiyo viwanda vinatengeneza matairi mapya yenye meno ya zamani. Niliagiza matano, pamoja na tyubu. Gharama siitaji, mke wangu yumo humu ndani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijapata kulisema hadharani.

Rimu za lori lile ni vipande viwili vilivyoshikanishwa kwa nati. Kuna nati za kufunga gurudumu kwenye gari, na nati za kushika vile vipande viwili. Hizi za pili haziguswi tairi likiwa na upepo. Jeshi la Waingereza lilizipaka rangi nyekundu ili hata askari asiyejua kusoma ajihadhari. Mimi nilikuwa nimelisoma hilo. Nilipolipaka lori rangi ya kijani nilipaka rimu zote, nati kwa nati, kwa sababu nilitaka lipendeze.

Matairi yalipowasili, kijana aliyekuwa akinisaidia alianza kutoa gurudumu moja wakati mimi nimekwenda kunywa chai. Alianza na nati zisizostahili, na tairi la zamani lilikuwa limejaa. Nilisikia mlio nikadhani ni bunduki. Kipande cha rimu kilitoboa bati la paa. Mkono wake ulivunjika mahali pawili, na hata leo haunyooki. Daktari alisema angekuwa ameinama zaidi, ingekuwa habari nyingine.

Mama yake hakunilaumu hata kidogo. Aliniuliza tu kama nilikuwa nikijua, nikamjibu, ndiyo, Mama, nilijua.

Lori limesimama pale nje karibu na bweni. Nati zake ni nyekundu, nilizipaka mwenyewe kwa brashi ndogo. Dereva wake ni kijana yuleyule. Wanaotaka kuona rimu wamwendee yeye awaonyeshe, na spana msimpokee mkononi.