Mawe Haya Yana Maana Gani?

Somo: Yoshua 4:1-9



Tulipanda mashua Kalemie, wamama na vijana wa kanisa, tukaelekea kusini mpaka Mpala. Kijana mmoja akauliza: “Baba Mchungaji, sisi Wapentekoste tunatafuta nini kwenye misioni ya Wakatoliki?” Tuseme ukweli: swali hilo lilikuwa ndani yetu pia.

Karibu na kanisa lile la kale tuliketi, tukahadithiana. Mwaka 1883 Émile Storms, afisa Mbelgiji, alijenga kituo hapa. Desemba 1884 watu wake walimwua chifu Lusinga, aliyekuwa akiuza watu utumwani, na kichwa chake kikapelekwa Ubelgiji. Mwaka 1885 kituo kikapewa Mapadri Weupe. Huku huku akasomea Stefano Kaoze, Mkongo wa kwanza kuwa padri, mwaka 1917. Mahali pamoja, damu na maombi.

Jioni wamama walifunga kamba, wakatundika mablanketi yao ya viraka. Mama mmoja akatuonyesha: “Hiki ni kitenge cha harusi yangu. Hiki ni shati la mtoto wangu, aliyefia njiani tulipokimbia vita.”

Kijana yule akamwambia: “Mama, kinakuliza. Kwa nini usikitoe?”

Akajibu: “Nikikitoa, nani atajua kwamba alikuwapo?”

Tulinyamaza wote.

Wapendwa, Mungu aliwaamuru Waisraeli watoe mawe kumi na mawili mtoni Yordani, ili watoto waulize na wazazi wajibu. Mungu haogopi historia. Sisi watumishi ndio tumekosa. Mara ngapi tumemwambia mfiwa, “Sahau ya nyuma,” tukishika Wafilipi 3:13? Lakini Paulo aliyeandika hayo ndiye aliyesimulia wazi jinsi alivyolitesa kanisa. Soma 1 Timotheo 1:13. Hakuficha, alikataa tu kufungwa na ya nyuma. Kusahau kwa namna ile si kufuta.

Ukikata kiraka kibaya, blanketi linabaki na tundu, na baridi inaingia. Tukisimulia ubaya wa Storms tukanyamaza juu ya Lusinga, kuna tundu. Tukisimulia waliouawa upande wetu tu, tukasahau wa jirani, kuna tundu kubwa zaidi. Katika jimbo letu la Tanganyika tunajua baridi hiyo.

Wiki hii, fanya mambo mawili. Kaa na mzee wa nyumbani mwako, uliza, andika majina katika daftari. Kisha nenda kwa jirani wa kabila lingine, umwulize: “Ninyi mlipoteza nani?” Usibishane. Sikiliza tu, halafu ombeni pamoja.

Bwana, tupe moyo wa kukumbuka bila kisasi. Shona vipande vyetu kwa uzi wa damu ya Yesu, mpaka wote tufunikwe.

Amina.